Saa ya mwanga mzuri, ufuo usiopitika

*Mtembezi mwenye kamera huitaka pwani alfajiri na jioni. Siku za bamvua, hizo ndizo saa ambazo maji yamekaribia kuta za watu na njia imefunikwa.*

Siku za bamvua, yaani zile siku chache zinazofuata mwandamo wa mwezi na mwezi mpevu, ambapo bahari hujaa sana na kupwa sana, maji ya pwani ya mashariki ya Unguja huwa yamekwenda mbali kabisa ifikapo saa nne asubuhi, na mtu anayetoka Paje kuelekea Jambiani huweza kukanyaga mchanga mgumu wenye unyevu bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote. Ifikapo saa kumi alasiri bahari hiyohiyo imerudi, na popote ambapo jengo limesogeza ukuta wake karibu na maji, mawimbi hupiga moja kwa moja kwenye saruji na njia ya asubuhi huwa haipo tena.

Mvuvi anayerudi na dema lake, mkulima wa mwani na mtoto anayekwenda chuoni kusoma Kurani wameishi na tatizo hilo kwa miaka mingi, wakizunguka nyuma ya majengo kutafuta kichochoro au wakikaa kusubiri maji yatoke. Siku hizi liko kundi jingine linalolihisi, nalo ni la watu, wenyeji kwa wageni, wanaotembea kwa miguu pwani na mashambani wakiwa na kamera au simu ili waitazame nchi polepole na kuihifadhi katika picha.

Matembezi ya namna hiyo yanaonekana kuwa starehe isiyomdhuru mtu, na mara nyingi ndivyo yalivyo. Hata hivyo yanafungua maswali mawili yasiyoweza kuepukwa, la kwanza likiwa ni nani mwenye haki ya kupita kando ya bahari maji yanapojaa, na la pili likiwa ni nini anachodaiwa mpitaji na watu wanaoingia katika picha yake. Swali la kwanza ndilo zito zaidi, kwa sababu ufuo usiopitika hauna picha wala mtembezi, na baada ya muda hautakuwa na mvuvi pia.

Bahari na jua havikutani

Bahari ya Afrika Mashariki hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Katika kipindi cha maji mafu, ambacho hufuata robo ya kwanza na robo ya mwisho ya mwezi, tofauti kati ya maji ya juu na maji ya chini huwa ndogo. Siku za bamvua tofauti hiyo hufika kati ya mita 3 na 4, kimo ambacho katika ufuo wenye mteremko mdogo kinatosha kufunua na kufunika mamia ya mita za mchanga kwa muda wa saa sita.

Jambo wanalolijua wavuvi bila kutazama saa, na ambalo mpiga picha mgeni hujifunza baada ya kupoteza safari yake, ni kwamba siku za bamvua maji ya chini huangukia karibu na saa nne, asubuhi na usiku, na maji ya juu huangukia karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri. Bamvua hutokea pale jua na mwezi vinapovuta katika mstari mmoja, na kwa hiyo saa zake hurudi zilezile kila baada ya wiki mbili hivi, kuanzia Lamu hadi Kilwa, kwa tofauti ndogo tu kati ya mahali na mahali.

Jua nalo lina utaratibu wake. Karibu na ikweta huchomoza likipanda karibu wima, kwa kasi ya nyuzi 15 kwa saa, hivyo ule mwanga wa chini wenye rangi ya dhahabu, unaolala juu ya mchanga na kuonyesha kila mkunjo uliochorwa na maji, hudumu dakika zipatazo 25 tu kabla jua halijavuka nyuzi 6 juu ya upeo wa macho. Kaskazini mwa Uingereza, katikati ya kiangazi, mwanga wa aina hiyo huweza kukaribia saa nzima, na pengine ndiyo sababu vitabu vingi vya upigaji picha vilivyoandikwa huko humhimiza msomaji asiwe na haraka, ushauri ambao katika pwani ya Tanga au Malindi ungemkosesha picha.

Mambo hayo mawili yakiunganishwa, ugumu huonekana waziwazi. Saa kumi na mbili, iwe ya alfajiri au ya jioni, bahari ya bamvua huwa imepita kilele chake kwa saa mbili tu na bado imebaki na robo tatu ya kimo chake, hivyo ukanda wa mchanga ulio wazi ni mwembamba, na penye ukuta mara nyingi haupo. Saa nne asubuhi, bahari inapofunua vidimbwi, matumbawe na mashamba ya mwani, jua limekwishapanda nyuzi zinazokaribia 60, vivuli vimefupika na mng'ao juu ya maji umekuwa mkali.

> Saa ambazo mwanga ni mzuri kuliko zote ndizo saa ambazo njia ya bamvua imefunikwa na maji.

Mpiga picha anaweza kujisaidia kwa kiasi fulani. Polaraiza, ambayo ni kichujio cha kioo kinachofungwa mbele ya lenzi na kuzungushwa hadi kikate mng'ao, humwezesha kuona chini ya maji ya kina kifupi hata jua likiwa juu. Mchanga mweupe uliotokana na matumbawe nao unahitaji uangalifu, kwa kuwa kipimo cha mwanga ndani ya kamera kimetengenezwa kwa kudhani kwamba mandhari yote yana weupe na weusi wa wastani, na kisiposahihishwa kwa kuongezewa mwanga hutoa ufuo wa kijivu unaofanana na jivu la jikoni.

Njia nyingine ni kuchagua siku. Maji mafu hupwa karibu na saa kumi au saa kumi na moja, kwa hiyo jioni ya maji mafu huwa na bahari iliyo mbali na kuta na jua lililo chini kwa wakati mmoja, ingawa haifunui vitu vilivyofichika kama bamvua inavyofunua. Lakini kupanga siku hakuwezi kuwa jibu la haki ya kupita, maana mvuvi na mkulima wa mwani hawachagui siku, na mwani hushughulikiwa bamvua inapopwa, wakati mashamba yanapofikika kwa miguu.

Ufuo ulipokuwa barabara

Kabla ya barabara za lami, ufuo wenyewe ulikuwa njia kuu kati ya kijiji na kijiji katika sehemu nyingi za mwambao, ukiwa mgumu, ulionyooka na usiohitaji kufyekwa. Madiko, yaani mahali ambapo vyombo huvutwa nchi kavu na samaki kuuzwa, yalipangika kando yake, na vichochoro vya kijiji viliteremka kuelekea huko. Mpango huo bado unasomeka katika miji mikongwe kama Lamu, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ambako maisha yote ya mji yameelekezwa kwenye gati na maji.

Hoteli za ufukweni zilipoongezeka, kwanza katika pwani ya Kenya na baadaye Zanzibar, ardhi iliyokuwa na thamani ndogo kwa sababu ya chumvi na mchanga ikawa ardhi ghali kuliko zote. Mashamba ya minazi yaligawanywa kuwa viwanja virefu vyenye ubavu mwembamba baharini, kila kiwanja kikazungushiwa uzio wake, na baadhi ya vichochoro vilivyokuwa vikitumiwa na kila mtu vikajikuta ndani ya mipaka ya mtu mmoja.

Hakuna aliyetangaza siku moja kwamba njia ya pwani imefungwa. Ilipungua ukuta kwa ukuta, na kwa kuwa asubuhi za bamvua bado ilionekana kuwa pana na huru, haikuwa rahisi kwa mtu wa ofisini, aliyefika kukagua saa nne na kuondoka saa sita, kuliona tatizo.

Sheria inasema nini

Kenya ina kauli iliyo wazi. Ibara ya 62 ya Katiba ya mwaka 2010 inaitaja ardhi yote iliyo kati ya alama ya juu na alama ya chini ya maji ya bahari kuwa ardhi ya umma, kwa maana kwamba hakuna mwenye hati anayeweza kudai kuwa mchanga unaofunuliwa na maji ni wake.

Kauli hiyo ni ngao kubwa, lakini ina pengo ambalo mtembezi hulikuta kwa miguu yake: ardhi iliyo kati ya alama hizo mbili, maji yanapojaa kabisa, yote iko chini ya maji. Umma unamiliki njia inayozama mara mbili kwa siku, na ukavu unaoanzia pale maji yanapoishia unaweza kuwa wa mtu binafsi hadi kwenye ukingo wenyewe.

> Umma unamiliki njia inayozama mara mbili kwa siku.

Tanzania Bara imepita njia nyingine. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za kibinadamu, au zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa. Zanzibar, ambako mazingira si jambo la Muungano, ina sheria yake ya mwaka 2015.

Mita 60 ni eneo kubwa, na lingeheshimiwa kila mahali pasingekuwa na mjadala huu. Hata hivyo kifungu hicho kimeandikwa kwa lugha ya kukataza ujenzi na uharibifu. Hakielezi kwamba mtu anayetembea ana haki ya kupita, wala hakimpi afisa wa wilaya wajibu wa kuhakikisha kwamba kutoka diko moja hadi jingine kuna ukanda mkavu wa kukanyaga. Kuzuia jengo na kufungua njia ni mambo mawili tofauti, na sheria iliyofanya la kwanza bado haijafanya la pili.

Hoja za wenye kuta

Wenye hoteli na nyumba za ufukweni wana hoja zinazostahili kusikilizwa. Wanasema kwamba mgeni aliyelipa fedha nyingi hutaka utulivu, ilhali ufuo ulio wazi humletea wauza vinyago, papasi, yaani vijana wanaowafuata wageni wakitafuta wateja, na wakati mwingine wezi. Kwamba uwekezaji wao ndio unaowaajiri vijana wa kijiji. Na kwamba ukuta wanaolaumiwa kwao haukujengwa kwa choyo bali kwa hofu, kwa sababu bahari inakula kiwanja chao mwaka hadi mwaka.

Hoja ya usalama ina ukweli, lakini inajibika kwa ulinzi wa pamoja na utaratibu wa wafanyabiashara wadogo, bila kumnyima njia mtu anayepita. Hoja ya ajira nayo inasahau kwamba mgeni huyohuyo alivutwa na picha ya ufuo mrefu usio na kizuizi, na kwamba hoteli zinazokata ufuo huo vipande vipande zinaharibu mali ambayo hakuna hata moja iliyoitengeneza.

Hoja ya mmomonyoko ndiyo ngumu. Mchanga wa pwani hii una misimu: upepo wa kusi, unaovuma kutoka kusini mashariki kuanzia takriban Aprili hadi Oktoba, huusukuma kuelekea kaskazini, na upepo wa kaskazi, unaotawala kuanzia Desemba hadi Machi, huurudisha. Ufuo unaoonekana kuliwa mwezi wa Agosti huenda ukarudi mwezi wa Februari, iwapo hakuna kilichouzuia mchanga kusafiri.

Ukuta wima huuzuia. Wimbi linalopanda ufuo wa mteremko hupoteza nguvu zake kidogo kidogo na kuacha mchanga uliobebwa, lakini wimbi linalogonga saruji hurudi na nguvu zake likichimba mchanga ulio mguuni mwa ukuta, na maji yanayozunguka ncha za ukuta huchimba kiwanja cha jirani, ambaye naye hulazimika kujenga. Ndivyo ufuo mzima unavyoweza kugeuka kuwa mlolongo wa kuta kwa uamuzi wa watu ambao kila mmoja wao alikuwa akijikinga tu.

Mwambao wa Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, umeyaonyesha madhara hayo waziwazi kuliko pengine sehemu yoyote ya Tanzania. Uchimbaji wa mchanga katika vijito vinavyoteremkia baharini ulipunguza shehena ya mchanga iliyokuwa ikiulisha ufuo, bahari ikasogea, majengo yakaanguka, hoteli mojawapo ikaachwa magofu, na mawe yaliyopangwa kuelekea baharini ili kunasa mchanga yakaokoa upande mmoja huku upande wa pili ukiendelea kuliwa.

Ukuta, hata hivyo, si lazima uwe adui wa mtu anayetembea. Kando ya Barabara ya Barack Obama jijini Dar es Salaam ukuta wa bahari umeambatana na njia ya waenda kwa miguu; Forodhani mjini Unguja na bustani ya Mama Ngina mjini Mombasa, penye mibuyu mikubwa inayotazama lango la bandari ya Kilindini, ni mahali ambapo jioni, maji yakiwa yamejaa, watu wa kila hali hutembea, hukaa na hupigana picha. Tofauti iko kwenye nia ya aliyejenga: pale umma ulipohesabiwa tangu mwanzo, palipatikana ukanda wa kupita juu ya ukuta au nyuma yake.

Njia inayorudi nyuma pamoja na bahari

Uingereza ilifika kwenye suala hili kwa mapambano ya muda mrefu. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana wa viwandani walipanda mlima wa Kinder Scout, ambao ulikuwa uwanja wa faragha wa kuwinda ndege, wakidai haki ya kutembea, na baadhi yao walifungwa jela. Sheria ya mwaka 1949 ya hifadhi za taifa na ufikiaji wa mashamba, na nyingine ya mwaka 2000, zilifungua sehemu ya milima na nyika, na mwaka 2009 Bunge likapitisha sheria ya bahari na ufikiaji wa pwani iliyoagiza njia ya miguu kuizunguka pwani yote ya Uingereza yenyewe, umbali wa takriban kilomita 4,300. Wales, yenye utawala wake, ilizindua njia yake ya pwani ya kilomita 1,400 mwaka 2012.

Sehemu ya kusini magharibi ya njia ya Uingereza, yenye kilomita 1,014 kutoka Minehead hadi bandari ya Poole, ina historia inayovutia zaidi: ilikanyagwa na askari wa doria ya pwani waliolazimika kuchungulia kila ghuba ndogo wakiwatafuta wasafirishaji wa magendo, ndiyo maana hadi leo inaukumbatia ukingo wa majabali kwa karibu kiasi kwamba mpiga picha hahitaji kuiacha ili aione bahari. Njia iliyokanyagwa kwa ajili ya kodi imekuwa mali ya watembezi wa karne nyingine kabisa.

Kipengele cha sheria ya 2009 chenye faida kubwa kwa Afrika Mashariki ni kile kinachoruhusu njia kurudi nyuma. Huko Holderness, katika Yorkshire ya mashariki, majabali ya udongo hupoteza wastani wa karibu mita 2 kila mwaka, na njia iliyochorwa kwa mstari usiobadilika ingekuwa baharini baada ya muda mfupi. Sheria kwa hiyo inaruhusu njia kupangwa ili bahari inapokula ukingo, haki ya kupita nayo isogee ndani kiasi hichohicho, bila kuanza upya mashauri ya umiliki.

Wenye ardhi hawakuachwa bila sauti. Mapendekezo ya kila kipande hutangazwa, pingamizi hupokelewa na kuchunguzwa na mkaguzi aliye huru, na makazi pamoja na bustani zake hayamo katika ardhi inayofunguliwa. Mpango kama huo ukiletwa Kenya au Tanzania haungeweza kuigwa ulivyo, kwani huku anayestahili kutangulizwa ni mvuvi na mkulima wa mwani, kisha mtembezi; lakini wazo la njia isiyofungwa kwenye mstari mmoja linaifaa pwani ya mchanga unaohama kuliko linavyoifaa pwani ya mawe.

> Bahari inapokula ukingo, haki ya kupita nayo isogee ndani kiasi hichohicho.

Milimani na mikokoni

Bara kuna mila inayofaa kutazamwa. Katika milima ya Usambara njia za miguu hupita katikati ya mashamba ya mahindi, maharage na miwa, zikiunganisha nyumba, soko na chemchemi, na mtu anayezifuata kutoka Lushoto hadi kwenye ukingo wa Irente, ambako mlima hukatika ghafla na kuonyesha nyika iliyo chini sana, hapitishwi na hati yoyote bali na desturi ya kwamba njia ni ya wote maadamu mpitaji hakanyagi mazao na anasalimia. Kwa matembezi ya siku kadhaa hadi Mtae, mwongozaji wa kijiji ndiye anayejua ni ua upi unaopitiwa na upi unaobishiwa hodi.

Kusini mwa Mombasa, katika kijiji cha Gazi, wanawake wana daraja la mbao linaloingia ndani ya mikoko, na mgeni hulipa kiingilio kinachobaki kijijini. Msitu huo pia umo katika mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013 kuuza thamani ya hewa ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko. Mpiga picha anayesimama juu ya mbao hizo wakati maji yanapoingia hupata kitu ambacho ufuo wa hoteli hauwezi kumpa, nacho ni njia inayobaki juu ya maji, iliyojengwa na wenyewe na kwa masharti yao.

Kaya za Wamijikenda, misitu mitakatifu iliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, zina masharti makali zaidi, na haki hiyo ni yao. Kaya Kinondo, iliyo karibu na Diani, hupokea wageni, lakini mgeni huvaa kaniki, huongozwa, na huonyeshwa kile tu ambacho wazee wamekubali kionekane. Kudai njia ya pwani kwa ajili ya wote hakumaanishi kwamba kila mahali panapopendeza ni pa kuingiwa.

Aliye ndani ya picha

Paje na Jambiani ndiko kilimo cha mwani cha kibiashara kilikoanzia Zanzibar mwaka 1989, na tangu hapo sehemu kubwa kabisa ya kazi hiyo imefanywa na wanawake, wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizonyoshwa kati ya vigingi, maji yakiwa magotini au kiunoni. Mandhari hayo yamepigwa picha mara nyingi kupita kiasi, na katika nyingi ya picha hizo mwanamke anayeonekana hakuulizwa.

Si kweli kwamba watu wa pwani wanaichukia kamera. Upigaji picha ulifika Unguja mapema, kwani James Augustus Grant alipiga picha mjini humo mwaka 1860, na baadaye studio zikastawi, ikiwamo ya A. C. Gomes na ile ya Capital Art iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, huku Lamu ikiwa na studio ya Omar Said Bakor. Watu walikwenda huko kwa hiari yao, wakachagua nguo, wakachagua namna ya kusimama, wakalipa, na picha wakaichukua nyumbani.

Kinachochukiza ni kunyang'anywa uchaguzi huo. Kadi za posta za enzi ya ukoloni zilizoea kuandika kabila chini ya sura ya mtu badala ya jina lake, na mtembezi wa leo anayempiga picha kwa lenzi ya mbali mkulima wa mwani aliyelowa na kukunja kanga kwa ajili ya kazi, kisha akaisambaza picha hiyo duniani kote, anaendeleza tabia ileile kwa chombo kipya. Katika jamii ambamo sitara ni sehemu ya heshima ya mtu, hilo ni dhuluma, hata kama picha ni nzuri.

Sheria zimeanza kusema neno. Kenya ilipitisha sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019 na Tanzania ikapitisha ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022. Sura inayotambulika huhesabiwa kuwa taarifa binafsi, na mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data nchini Kenya ilizitoza faini taasisi, ikiwamo sehemu ya starehe na shule, kwa kutumia picha za watu bila idhini. Sheria ya Kenya huachia matumizi ya nyumbani, ya sanaa na ya uandishi wa habari nafasi yake, na ni vema iwe hivyo, lakini picha inayouza chumba cha hoteli haimo katika nafasi hiyo.

Adabu iliyopo pwani inatosha kuliongoza jambo hili vizuri kuliko kanuni nyingi: kutoa salamu kabla ya kuinua kamera, kueleza picha ni ya nini, kukubali jibu la kukataliwa bila kuliuliza mara ya pili, na kumpelekea mtu picha yake iwapo aliahidiwa. Mtembezi asiye na muda wa kusalimia atosheke na kupiga picha bahari.

Kamera kama shahidi

Madai ya njia, iwe mbele ya halmashauri au mahakama, hukwama mara nyingi kwenye jambo moja dogo: hakuna mwenye uthibitisho wa mahali maji yalipokuwa yakifika. Mita 60 za sheria ya Tanzania na alama ya juu ya Katiba ya Kenya zote hupimwa kutoka kwenye bahari ambayo haitulii, na mwenye kiwanja anayesema kwamba ukuta wake ulijengwa nchi kavu, na mvuvi anayesema kwamba hapo palikuwa na diko, wote huweza kuwa wanasema wanachokiamini.

Hapa ndipo matembezi ya kamera yanapoweza kulipa deni lake kwa pwani. Tangu mwaka 2017 mradi wa CoastSnap, ulioanzia katika fukwe za Sydney nchini Australia, umekuwa ukiweka vishikio maalumu vya simu mahali pasipohama, ili kila mpitaji aipige picha bahari kutoka pembe ileile. Picha za watu wengi wasiojuana hupangwa kwa tarehe na saa, kimo cha maji cha saa hiyo huzingatiwa, na mstari wa ufuo huchorwa mwezi baada ya mwezi. Kazi hiyo haihitaji kamera ghali wala ustadi mkubwa, inahitaji uaminifu wa kurudi mahali palepale.

Pwani ya Waswahili ina vituo vya aina hiyo ambavyo havihitaji hata kujengwa, kama kona ya msikiti wa zamani, nguzo ya gati, pembe ya Gereza la Kilwa Kisiwani, au mbuyu unaojulikana na kijiji kizima. Siku zinazofaa zaidi ni zile za bamvua kubwa za mwezi wa Machi na Septemba, wakati usiku na mchana vinapokaribia kuwa sawa kwa urefu, na jua na mwezi vikavuta kwa nguvu kuliko miezi mingine, na saa inayofaa ni ileile ya saa kumi alasiri, maji yanapofika juu kabisa. Picha ya namna hiyo, ikiwa na tarehe, saa na mahali iliposimamiwa, na ikirudiwa mwaka baada ya mwaka kwa kukubaliana na wazee wa diko, humwonyesha mpimaji wa ardhi mahali halisi ambapo alama ya juu ya maji ilikuwapo kabla ya ukuta kujengwa, na mahali ambapo ukanda wa kupita unapaswa kuanzia.